Muda wa Sista Kuzungumza na Jamaa wa Mgonjwa Uhesabiwe Kuwa Kazi

Kila mwaka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wa Uganda hukusanyika wakiwa wamevaa sare zilizopigwa pasi na kuhutubiwa. Mgeni rasmi huwashukuru, kisha huwasihi wawe na huruma. Nimezisikiliza hotuba hizo redioni kwa miaka mingi, na kila mara jambo moja hunikaa kifuani. Huruma inaombwa kana kwamba ni tabia ambayo muuguzi huzaliwa nayo: akiwa nayo asifiwe, akiikosa alaumiwe, basi. Mimi nasema huruma ya wodini ni kazi. Ina hatua zake na ujuzi wake, inakula muda, na sehemu kubwa ya muda huo inatakiwa iende kwa jamaa waliomleta mgonjwa. Serikali inayoitaka huruma hiyo iuandike muda wake kwenye ratiba ya zamu, na iulipie.

Nazungumza nikiwa fundi cherehani wa Namakwekwe, hapa jijini Mbale, mlima Wanale ukitutazama kutoka mashariki. Vilevile ni mmoja wa wanaojitolea katika timu ya afya ya kijiji. Tunapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaumwa, mtoto gani hajapata chanjo, nani amerudi kutoka hospitali na hajui afanye nini na dawa alizopewa. Hao wa mwisho ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Unamkuta kijana amekaa kizingitini na mfuko wa vidonge mapajani, baba yake amelala ndani, na ukimwuliza daktari amesema ni ugonjwa gani anajibu, "Waliandika kwenye faili." Faili limebaki hospitali, na baba amerudi nyumbani na ugonjwa usio na jina.

Ambaye hajawahi kulaza mtu katika hospitali ya umma hawezi kuijua kazi ya jamaa wa mgonjwa. Serikali iliondoa ada katika vituo vya umma Machi 2001, na ulikuwa uamuzi mwema uliowafungulia mlango watu waliokuwa wakifia majumbani. Lakini kitanda cha bure hakiji na mtu wa kukuogesha. Mgonjwa huja na mtu wake, na mtu huyo huja na shuka, beseni, sabuni, dumu la maji, chupa ya chai, sahani, na mkeka wa kutandika chini ya kitanda. Ndiye anayepika au kununua chakula nje ya lango. Ndiye anayefua, anayemwaga mkojo, anayekimbia na karatasi hadi duka la dawa kama dawa imekwisha hospitalini, na ndiye anayekesha akitazama dripu. Usiku sista mmoja anaweza kuachiwa wodi nzima, huku kando ya kila kitanda kukiwa na dada, mke, mama au mtoto wa mtu. Kwa saa nyingi za siku, mikono inayomuuguza mgonjwa ni ya hao. Na hao hawajafundishwa lolote.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Ukitaka kumhurumia mgonjwa wa kwetu, anza na yule aliyekaa kwenye mkeka. Mwambie ugonjwa ni upi. Mwonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha, kumsafisha. Mwambie dalili gani zikitokea akuite mara moja, na zipi asiziogope. Ukifanya hivyo umemhudumia mgonjwa hata wakati ambao wewe uko kitanda cha mwisho na dripu nyingine mkononi.

Nililiona hilo mwaka 2016, mama yangu alipougua saratani ya mlango wa kizazi iliyokuwa tayari imesambaa. Katika hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, tulipita siku kadhaa bila mtu kutueleza lolote. Walikuja, wakapima, wakaandika, wakaenda. Nilipouliza nilijibiwa nimsubiri daktari, na daktari alipokuja alizungumza na wanafunzi wake. Mama alikuwa macho, anasikia kila kitu na haelewi hata neno moja. Alinishika kanga akaniuliza kama wanaozungumziwa ni sisi.

Katika hospitali ya pili tulimkuta sista ambaye jina lake naliacha, kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kumwandika gazetini. Alipofika kitandani hakuanza na faili. Alisema, "Mulembe, mayi," kwa Kilumasaaba, akangoja aitikiwe. Kisha akanigeukia: "Wewe ni nani wake?" Nikamwambia ni mama yangu mzazi. "Basi tutafanya kazi pamoja mimi na wewe. Njoo huku, nikuonyeshe."

Alinionyesha jinsi ya kukunja leso na kuipitisha chini ya mgongo wa mama, mimi upande huu na mdogo wangu upande wa pili, tukamgeuza bila kumburuta, maana ngozi ya mgonjwa aliyekonda ikiburutwa kwenye godoro huchubuka. Akasema tumgeuze kila baada ya saa mbili. Akanishika vidole akaniwekea juu ya kiuno cha mama, juu ya visigino, juu ya mifupa ya nyonga, akaniambia nipapase kila ninapomwogesha: pakiwa pa moto kuliko kwingine, au pagumu, au pameiva rangi, kidonda kinaanza, nimwite. Akaniambia nimwinue kichwa kabla ya kumpa uji, nimpe kijiko kidogo, nisubiri ameze. Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Sista aliniambia nimwulize mama kila mara, kwa kuwa kukataa uji lilikuwa moja ya mambo machache aliyobaki nayo ya kuamua mwenyewe.

Haya yote yalichukua kama robo saa. Wakati huo huo kitanda cha jirani wanamwita, na mlangoni kuna machela inayoingia. Zamu yake ilipokwisha nilimwona ameketi mezani akiandika yale ambayo hakupata nafasi ya kuyaandika, mwenzake wa zamu ya usiku akiwa ameshaanza kazi. Robo saa aliyonipa ilitoka kwenye muda wake wa kwenda nyumbani kwa watoto wake. Hakuna kitabu cha hospitali kilichoiandika, wala hakuna mkubwa aliyejua kwamba ilikuwepo.

Hebu tuhesabu ilichookoa. Mama hakupata kidonda cha mgongo. Hatukununua dawa za kuua vijidudu vya kidonda ambacho hakikutokea. Hatukurudi hospitali kwa ajili yake, kwa hiyo kitanda kimoja kilibaki wazi kwa mtu mwingine. Mhasibu yeyote akikaa na hesabu hiyo ataona kwamba muuguzi anayemfundisha jamaa anaipunguzia hospitali gharama. Lakini hakuna safu ya hesabu hiyo popote, na kisichoandikwa hakigawiwi muda.

Kazi ya pili aliyoifanya sista huyo ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka ule wa 2016 mashine pekee ya mionzi ya kutibu saratani nchini, ile ya Mulago, ilikuwa imeharibika, na mpya haikuzinduliwa rasmi hadi mwanzoni mwa 2018. Redioni hakuna habari nyingine. Mjomba wangu mkubwa aliamua kiwanja cha familia kiuzwe ili mama apelekwe Nairobi. Shangazi naye alikuwa na hakika kwamba mama amerogwa, na alikuwa ameshapata mtu wa kuja kumtazama. Walikuja wote wawili wodini siku moja, sauti zikapanda, wagonjwa wengine wakaanza kujigeuza vitandani.

Sista aliwatoa nje, wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Hakuwafokea. Aliwauliza kwanza wameambiwa nini kuhusu ugonjwa huu, akawaacha waseme hadi wamalize. Halafu akarudia kwa maneno ya kawaida aliyoyasema daktari: ugonjwa ulianza kwenye mlango wa kizazi, umechukua muda mrefu kukua bila kuonekana, sasa umefika mahali ambapo mionzi ingeweza kupunguza damu na maumivu lakini haingemponya. Mjomba akauliza kama kiwanja kingemponya. Sista akasema, "Baba, hapana. Lakini yako mambo ya kumfanyia ili asiteseke, na hayo hayahitaji kiwanja." Mzee yule alilia pale pale ukumbini. Kiwanja hakikuuzwa. Katika nyumba iliyopo juu yake leo wanakaa watoto wa marehemu kaka yangu.

Najua wapo wanaoamini kwamba huruma ni kumficha mtu ukweli. Nimeishi Namakwekwe muda wa kutosha kuona ukweli uliofichwa unavyofilisi nyumba. Ng'ombe anauzwa, shamba linauzwa, mtoto anatolewa shule, na mgonjwa anakufa njiani kwenye gari la kukodi akiwa mbali na watu wake. Muuguzi anayejua kuusema ukweli polepole, mbele ya wazee wanaohusika, kwa lugha yao, anaokoa familia nzima. Hiyo nayo inahitaji muda, na inahitaji mtu aliyefundishwa namna ya kuifanya.

Uganda ina bahati, kwa kuwa mfano wa huruma iliyopewa muda, vifaa na mamlaka tunao hapa hapa nchini. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Muuguzi Rose Kiwanuka alijiunga naye tangu mwanzo, akawa Mganda wa kwanza kuwa muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, na baadaye akakiongoza chama cha tiba hiyo nchini. Dawa yao kuu ilikuwa mofini ya maji: unga unaochanganywa na maji, rahisi kutengeneza na wa bei nafuu, wa kunywewa nyumbani. Kikwazo kilikuwa sheria. Mofini iliruhusiwa kuandikwa na madaktari, na madaktari wanaishi mjini, wagonjwa wanafia vijijini.

Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa. Wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa wenyewe. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwapa wauguzi mamlaka hayo, na serikali ikakubali dawa itolewe bure. Dk. Merriman alifariki Kampala Mei 2025, baada ya kuishi kwetu zaidi ya miaka 30. Alichotuachia ni uthibitisho kwamba ukimwamini muuguzi kisheria, ukamfundisha, ukampa chupa ya dawa na chombo cha usafiri, anaweza kumfikia mtu pale alipolala. Upande wa Busoga, Rays of Hope Hospice ya Jinja, iliyoanzishwa mwaka 2005, inafanya kazi hiyo ya kwenda majumbani, na wauguzi wake wanajulikana vijijini.

Mama aliporudi nyumbani, kwetu Namakwekwe, muuguzi wa tiba shufaa alifika kwa pikipiki. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka kando ya mama, akamwuliza maumivu yako wapi na yanaanza lini. Alimpima, akapanga kipimo cha dawa, kisha akanipa bomba la sindano lisilo na sindano na kunifundisha kuvuta dawa hadi kwenye mstari alioutia alama. Kila baada ya saa nne, akasema, na ile ya kulala iwe mara mbili ya kipimo, ili mama alale usiku na mimi nilale. Nilishangaa kwamba kuna mtu aliyefikiria usingizi wangu. Akaeleza kwamba mofini hufunga choo, hivyo dawa ya kulainisha tumbo iende nayo tangu siku ya kwanza, na iwapo itakwisha tutumie mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa.

Mjomba aliogopa. Kwake mofini ilikuwa dawa ya kumaliza watu. Muuguzi alimweleza kwamba kipimo kinapangwa kwa kufuata maumivu, kwamba mama ataweza kuzungumza, na akamwomba akae aone. Jioni ile mama aliomba malewa, chakula chetu cha machipukizi ya mianzi. Alikula vijiko vichache tu, lakini mjomba aliona kwa macho yake, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa ya dawa.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna mtu aliyetaka kulitamka. Saratani ile hutoa harufu. Majirani walikuwa wameacha kuingia ndani. Walisalimia uani na kuondoka. Mama alijua sababu, akawa anageuza uso ukutani. Muuguzi alilisema wazi, bila aibu, kama yanavyosemwa mafua. Alitufundisha kusaga vidonge vya metronidazole kuwa unga, tukasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, tukaweka unga ule mahali alipotuonyesha. Baada ya siku chache harufu ilipungua hadi ikawa haisikiki mlangoni. Wanawake wa mtaa wakarudi, wakaketi na mama, wakamsuka nywele chache alizokuwa nazo, wakamweleza nani ameolewa na nani ameachika. Vidonge vya bei ndogo, vikiwa mikononi mwa muuguzi anayejua, vilimrudishia mama yangu watu wake.

Mama alifia nyumbani, akiwa amezungukwa na watoto na wajukuu. Muuguzi yule alirudi baada ya mazishi, akaketi nasi matangani, akauliza nani halali usiku na nani hali chakula. Nilifikiri ni wema wake tu. Baadaye nikajua kwamba kuwatembelea wafiwa ni sehemu ya kazi ya tiba shufaa. Imepangwa na kuhesabiwa. Kwa nini kinachohesabiwa kuwa kazi katika tiba shufaa kisihesabiwe katika wodi ya uzazi, ya watoto, ya upasuaji?

Tazama hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa hapa Mbale mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huletwa watoto wenye maji kichwani kutoka kila pembe ya nchi na hata nje yake. Dk. Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani aliyefanya kazi hapo, alionyesha mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao walipata ugonjwa kutokana na maambukizi ya ubongo, mengi yakiwa ya wiki za kwanza za maisha. Dunia ya tiba inamjua kwa njia yake ya kuwatibu bila kuwaachia mpira kichwani maisha yote. Mimi nafikiria upande mwingine wa ugunduzi huo. Mama wa mtoto wa namna hiyo mara nyingi hutuhumiwa: amevunja mwiko, ana laana ya ukoo wao, alitoka nje ya ndoa. Mume humwacha. Maneno "ni maambukizi, mtoto aliugua baada ya kuzaliwa" yanaweza kumrejesha nyumbani kwake. Lakini lazima mtu ayaseme, na ayaseme mbele ya mume na mama mkwe, ikibidi kwa kuwapigia simu. Anayebaki naye wodini kutwa ni sista. Asipokuwa na muda, mama anarudi na mtoto aliyefanyiwa upasuaji, kwenye nyumba ambayo bado inamwita mchawi.

Na yapo magonjwa yanayomfukuza jamaa kabisa kando ya kitanda. Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000, hospitali ya Lacor ilipoteza wafanyakazi zaidi ya 10, wengi wao wauguzi, na kiongozi wao Dk. Matthew Lukwiya akafariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Wagonjwa wale hawakuruhusiwa kushikwa mkono na mama zao; mikono pekee iliyowagusa ilikuwa ya wauguzi ndani ya glavu. Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ilitangaza tena Ebola, na marehemu wa kwanza alikuwa muuguzi wa Mulago mwenye umri wa miaka 32. Katika kutafuta tiba alikuwa amepita pia katika Hospitali ya Rufaa ya Mbale. Habari ilipofika Namakwekwe, watu waliogopa hata kupanda boda boda iliyotoka upande wa hospitali. Wauguzi walikwenda kazini. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, baada ya kuua watu 4. Mtaa uliokuwa ukiwakwepa ulirudi kuwapangia foleni.

Sasa nasikia msomaji akiuliza: na wale wanaotukana wanawake wakijifungua? Wanaotaka pesa kwanza? Wapo. Katika kazi yangu ya mtaani nimeletewa malalamiko yanayoumiza, na sitamtetea hata mmoja wao. Sheria ya wauguzi na wakunga ya mwaka 1996 ilianzisha baraza lenye uwezo wa kumwita muuguzi na kumwadhibu. Mkataba wa haki za wagonjwa unampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na haki ya kulalamika. Vyote viwili vitumike, na mkataba ubandikwe ukutani wodini kwa lugha watu wanazosoma. Mtu aliyemtukana mzazi aitwe, asikilizwe, aadhibiwe.

Lakini ukali mwingine unatengenezwa na kazi yenyewe. Binti ya dada yangu ni muuguzi wa watoto upande wa Busoga. Aliniambia, "Mama mkubwa, mtoto anafariki saa tisa usiku. Namfunika, mama yake anaanguka sakafuni, na kabla sijamwinua wananiita nikamwekee damu mtoto mwingine, na huyo namtolea sauti ya upole. Asubuhi nikimjibu mtu vibaya, najisikia, lakini neno limeshatoka." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio kwenye mkeka tunauona mzigo wa sista kuwa mwepesi kwa sababu anatembea haraka.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na ilipungukiwa na milioni 5.8. Afrika ni kati ya mabara yenye upungufu mkubwa. Hapa Uganda upungufu huo unachoma zaidi, kwa kuwa wauguzi waliosoma wapo bila ajira. Baadhi ya wasichana niliowashonea magauni ya mafunzo sasa wako nyuma ya kaunta za maduka ya dawa, wengine wanatafuta viza za Ghuba na Uingereza. Waliopata ajira waligoma Mei 2022 wakidai mishahara. Wodi ina sista mmoja, na nje ya lango kuna masista wanaosubiri kuitwa. Hapo tatizo la huruma linaanzia kwenye meza ya bajeti.

Nina mapendekezo matano, na yote yanawezekana katika hospitali za Mbale na Jinja, majiji mawili yaliyozaliwa siku moja, 1 Julai 2020.

La kwanza, kila zamu iwe na muda uliotajwa wa kuzungumza na jamaa, na faili la mgonjwa liwe na sehemu ya kuandika: nani ameelezwa, ameelezwa nini, ameuliza nini, amefundishwa nini. Zamu inayofuata isome na iendelee kutoka hapo.

La pili, shule za uuguzi zipime ujuzi huo kama zinavyopima uwekaji wa dripu. Mwanafunzi atahiniwe akimweleza bibi kizee ugonjwa wake, kwa Kilumasaaba, Kiteso, Kigwere, Kisoga au Kiswahili, na bibi aseme kama ameelewa.

La tatu, jamaa wa wagonjwa wapewe mahali: paa la kulala, jiko la kupikia, bomba la maji, choo kinachofungika. Mtu aliyelala usingizi humwuguza mgonjwa vizuri na humwelewa sista anapofundisha.

La nne, wauguzi wengi zaidi wasomeshwe tiba shufaa na wapelekwe hadi vituo vya afya vya mitaani, ili ruhusa ya 2004 ifike kila kata badala ya kutegemea hospisi chache.

La tano, muuguzi aliyetoka kufiwa na mgonjwa apewe nafasi ya kupumua na mtu wa kuzungumza naye. Anayewafariji wengine kila usiku bila mwenyewe kufarijiwa huishiwa.

Na sisi jamaa tuna zamu yetu. Tusijazane kumi kwenye kitanda kimoja. Tuchague msemaji mmoja wa familia, ili sista asirudie maelezo yale yale kwa kila anayeshuka kwenye boda boda. Tuseme dawa za miti shamba tulizompa mgonjwa, bila kuogopa kuchekwa. Na sista anapotutendea wema, tuuandike na kuupeleka kwa mkuu wake, kama tunavyopeleka malalamiko.

Mwaka 2001 huko Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Uganda ilikuwa miongoni mwao. Uganda haijaitimiza ahadi hiyo. Bajeti ya serikali husomwa Juni, na kabla ya hapo madiwani na wabunge hupita mitaani kuuliza tunataka nini. Wakifika kwetu huwa tunaomba barabara, na barabara tunaihitaji. Safari hii naomba kila msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, au aliyewahi kulala kwenye mkeka wa hospitali, amwulize diwani au mbunge wake maswali mawili: wodi za hospitali yetu zina wauguzi wangapi usiku, na utaongeza wangapi? Akijibu kwa kusifu moyo wa wauguzi wetu, mwulize tena hadi ataje idadi.